Mng'aro wa Kalamu ya Rezini

Mtu atembeaye ufukoni Rumonge, kiasi cha kilomita 70 kusini ya Bujumbura, akiokota kokoto kutoka majini mwa Ziwa Tanganyika, huiona rangi yake imekolea na uso wake wameremeta. Lakini ikishakauka juani, kokoto ile ile huvaa ukungu, ilhali jiwe lenyewe halikupungukiwa na kitu. Jambo hilo ndilo la kwanza kufahamiwa na fundi atakaye kuing'arisha kalamu ya rezini aliyoikereza kwa mkono wake, maana sababu ni moja. Uso mkavu wenye mikwaruzo huitawanya nuru pande zote. Maji yakishaijaza mikwaruzo ile, kwa kuwa kipeo chao cha kupinda nuru, nacho ni 1.33, chakaribia kile cha rezini, ambacho ni kama 1.5, kuliko cha hewa, ambacho ni 1, jicho hudhani uso umekuwa laini. Mafuta ya mawese, ambayo Rumonge ni mashuhuri kwayo, yana kipeo cha 1.46 hivi, na kwa hiyo yangehadaa zaidi. Na nta nayo ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo nasema kwa yakini kwamba fundi asiihukumu kazi yake abadani ingali na maji, wala asiipake nta kabla ya kuikausha na kuigeuzageuza mbele ya dirisha.

Mng'aro wa rezini haupakwi. Katika karne ya 19 sandarusi, yaani utomvu mgumu wa miti, iliyochimbwa ardhini huko Mrima ilipakiwa Unguja na kupelekwa Salem, Marekani, ikasafishwa ili itengenezwe vanishi, kwa kuwa mbao hazina kioo chao zenyewe na hazina budi kuazima. Bali rezini ni kama vanishi toka juu hata kiini, na kazi ya fundi ni kuondoa tu kinachoizuia nuru. Huanza na msasa namba 400, ambao chembe zake zina upana wa mikromita 35 hivi, akashuka kwa daraja hata namba 2000, wenye chembe za mikromita 10. Kila daraja haina wajibu mwingine ila kuifuta mikwaruzo ya daraja iliyotangulia. Na arukaye moja kwa haraka, mkwaruzo mmoja wa namba 400 humfuata hata mwisho, nao huonekana wazi zaidi kadiri uso unaouzunguka unavyong'aa. Dawa yake ni kuisimamisha mashine ya kukerezea baada ya kila msasa, akasugua kwa urefu wa kalamu hata pete zote zilizoachwa na mzunguko zitoweke, kisha akaifuta kwa kitambaa kisafi, maana chembe moja ya msasa mkali iliyosalia yaweza kuiharibu kazi ya saa nzima.

Msasa na utumike kwa maji. Maji huchukua vumbi, ambalo ni dhara kwa mapafu, na huipoza rezini. Kwani rezini ya akriliki huanza kulegea karibu na nyuzi 100 za Sentigredi, na msuguano mkavu waweza kuifikisha huko upesi, ikapakaa badala ya kukatika. Rezini iliyomiminwa karibuni, ambayo haijakomaa sawasawa, hulegea mapema zaidi, na heri kuiacha siku kadhaa kuliko kushindana nayo.

Baada ya namba 2000 uso bado una ukungu mwembamba, kwa kuwa mawimbi ya nuru ionekanayo hayafikii hata mikromita moja. Hapo ndipo itakiwapo dawa laini ya kung'arishia, yenye chembe za mikromita moja au chini yake, kwa kitambaa cha pamba na mkono mwepesi.

Ikiwa rezini yapitisha nuru, kazi ni mara mbili, kwani tundu lililotobolewa na keekee nalo lina mikwaruzo yake, na jicho huiona kupitia ukuta wa kalamu. Lisuguliwe kwa kijiti kilichovingirishwa msasa, kwa daraja zile zile. Au, kama kijibomba cha shaba kitakaa ndani, tundu lipakwe rangi kabla ya gundi kutiwa.