Kitoto cha mbuzi kimefiwa na mama: nunua nini, acha nini

Mbuzi amekufa usiku, kitoto kinalia bandani, na mfukoni una hela ya wiki tu. Usikimbilie dukani. Kinachohitajika leo dukani huenda usikipate: dang'a, yale maziwa mazito ya siku ya kwanza. Kitoto cha mbuzi wa kienyeji huzaliwa na kilo 2 hivi, nacho kinahitaji dang'a ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani mililita 200, ndani ya saa 24. Nusu yake inywewe katika saa 6 za mwanzo. Bisha hodi kwa jirani ambaye mbuzi wake amezaa leo au jana. Hakuna? Omba ya ng'ombe. Ipashe kwa kutumbukiza chupa kwenye maji ya moto. Ukiibandika jikoni itaganda kama yai.

Kabla ya kunywesha, tia kidole mdomoni mwa kitoto. Mdomo ukiwa wa baridi, kipashe joto kwanza: boksi, kanga kuukuu na chupa ya maji moto. Taa maalumu ya joto kwa kitoto kimoja ni hela ya kutupa.

Sasa piga hesabu. Kitoto kitanyonya wiki 8 hivi. Kwa wastani wa nusu lita kwa siku ni lita 28, tuseme 30. Chotara wa maziwa huzaliwa mkubwa zaidi, na hunywa zaidi. Kama lita moja mtaani kwako ni shilingi 2,000, hapo tayari umefika 60,000.

Njia rahisi kuliko zote ni mama wa kambo. Mbuzi aliyezaa karibuni na mwenye mtoto mmoja tu anaweza kumpokea wa pili, hasa ukikipaka kitoto maziwa yake na kumfunga mama kamba fupi siku chache ili asikipige pembe. Gharama yake ni pumba na majani ya ziada. Ila angalia: kama maziwa yake ni haba, utakuwa na vitoto viwili vilivyokonda badala ya kimoja.

Akikataa, nunua maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, uyachemshe, kisha uyanyweshe yakiwa ya joto la mwili. Hapa hasara iliyojificha ni maji. Muuzaji wa bei poa anayepita na dumu mlangoni huenda anakuuzia theluthi ya kisima. Lipa kidogo zaidi kwa mtu unayemwona akikamua. Wala usiongeze maji mwenyewe ili yafike kesho. Tumbo litajaa na kitoto kitakonda.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga nayaondoa kabisa. Kopo la gramu 400 hutoa kama lita 3 tu, kwa hiyo utahitaji makopo 10, na protini yake ni ndogo mno kwa mbuzi.

Unga wa maziwa wa mifugo ni mzuri, lakini huuzwa kwa mifuko mikubwa. Mfuko wa kilo 25 hutoa zaidi ya lita 160. Wewe unataka 30. Unaobaki hushika unyevu na kuganda. Una vitoto vitano? Changanua bei, huenda mfuko ukakulipa. Una kimoja? Hapana. Soma pia mfuko: kama umetengenezwa zaidi kwa soya, urudishe. Na usinunue wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni. Mimi niliwahi kununua kilo mbili hivyo kwa kufuata unafuu. Kitoto kiliharisha siku tatu, na dawa ikala ule unafuu wote na zaidi.

Chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita inatosha. Pesa yako iweke kwenye chuchu. Zile za mifugo, za mpira mnene, ni ghali na mijini ndiko zinakopatikana kwa urahisi. Za watoto wachanga zipo kila duka, ila kitoto cha mbuzi kina meno ya chini tangu siku za mwanzo, kinazitafuna, nunua tatu. Geuza chupa chini: maziwa yadondoke, yasimwagike. Yakimwagika, yataingia mapafuni. Mnyweshe akiwa amesimama, shingo imeinuka kidogo kama anavyonyonya kwa mama.

Mkaa nao usiusahau. Kupasha mara nne kwa siku kunakula mkaa kuliko unavyodhani. Jaza chupa ya chai maji ya moto jioni, uyatumie kupashia usiku. Maziwa yenyewe usiyalaze humo, yatachacha.

Kuanzia wiki ya pili weka majani laini na maji safi karibu. Kadiri atakavyozoea kutafuna, ndivyo utakavyomwachisha mapema: wiki ya 8, akiwa na kilo 5 au 6.

Ukiona hesabu inakushinda, mpe kitoto leo jirani mwenye mbuzi wa maziwa, kwa makubaliano ya nusu kwa nusu siku ya kuuza. Mkubaliane mbele ya mtu wa tatu, na mtaje kabisa nani atalipia dawa.