Je, Wajua? Kinu cha Nyuklia Kisichojengwa na Mtu

Je, wajua kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia duniani kiliwaka Afrika, miaka ipatayo bilioni 2 iliyopita, kabla ya kuwapo mtu wala mnyama? Kiliwaka chenyewe ndani ya mwamba wa Oklo, nchini Gabon. Siri hiyo ilifichuka mwaka 1972 katika kiwanda cha Pierrelatte, Ufaransa, ambako urani ya Gabon ilikuwa ikipimwa. Katika urani ya asili, aina ya urani-235 huwa asilimia 0.720. Safari hii kipimo kilionyesha 0.717. Ni upungufu mdogo mno, lakini kwa kitu kinachoweza kutengenezea bomu, hata chembe iliyopotea lazima itafutwe. Uchunguzi ukafika hadi mgodini, na humo yakakutwa masalia yaleyale yanayobaki katika vinu vya kisasa. Urani iliyopungua haikuibwa na mtu. Ilikwisha kutumika zamani.

Iliwezekanaje? Nyutroni ikikigonga kiini cha urani-235, kiini hupasuka vipande viwili, joto kali hutoka, na nyutroni nyingine mbili au tatu huchomoka kwenda kupasua viini vya jirani. Tatizo ni kwamba huchomoka kwa kasi mno. Maji huzipunguzia mwendo, na hapo ndipo hunaswa kwa urahisi. Enzi zile urani-235 ilikuwa kama asilimia 3, karibu sawa na ile inayotiwa leo katika vinu vingi vya umeme, na maji ya ardhini yalipenya mwambani. Joto lilipopanda, maji yaligeuka mvuke yakatoka, mpasuko ukazima. Mwamba ulipopoa, maji yalirudi na kazi ikaanza upya. Watafiti waliochunguza gesi ya zenoni iliyonaswa humo wanakadiria dakika 30 za kuwaka na saa mbili na nusu za kupumzika, zamu baada ya zamu, kwa mamia ya maelfu ya miaka. Wahandisi wetu huumiza vichwa kubuni kinu kinachojizima chenyewe kikizidi joto, na huko Oklo kazi hiyo ilifanywa na maji na jiwe tu!

Hata taka zake zina la kutufundisha: plutoniamu iliyozalishwa pale haikusogea mbali na ilipozaliwa.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, kwa ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili? Mawe mengine ya huko yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, utajiri usio wa kawaida kabisa. Kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika nacho kiliwashwa Kinshasa, mwaka 1959. Lakini umeme wa nyuklia Wakongo hawajauona. Afrika nzima ina kituo kimoja tu kinachouzalisha, Koeberg, karibu na Cape Town, huku Misri ikijenga chake El Dabaa. Inauma.

Je, wajua kwamba kuunganisha viini ni kugumu kuliko kuvipasua? Mpasuko dunia iliuweza peke yake. Muungano umewezwa na nyota. Kila sekunde Jua huunganisha takriban tani milioni 600 za haidrojeni kuwa heli, na tani kama milioni 4 hugeuka nishati. Viini husukumana, kwa hiyo havikaribiani mpaka vikimbizwe na joto kali. Kitovu cha Jua kina nyuzi milioni 15 hivi, kikisaidiwa na uzito wake wenyewe. Sisi tusio na uzito huo tunahitaji mara kumi: mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa umepangiwa nyuzi milioni 150.

Tarehe 5 Desemba 2022, huko California, miale 192 ya leza ilitumika kukibana kidonge kidogo cha haidrojeni kwa megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Ni ushindi wa kweli, ingawa leza zenyewe zilikula megajuli kama 300 za umeme.

Na fueli? Ni aina mbili nzito za haidrojeni. Deuteri imo katika maji ya bahari, tele. Mwenzake, triti, ni adimu, na nusu yake hupotea kila baada ya miaka 12 hivi, hivyo haiwekeki akiba ya muda mrefu. Kinu cha muungano kitalazimika kujitengenezea yake kutokana na lithiamu, huku kikiendelea kuwaka.