Nywele Laini kwa Tiba za Nyumbani: Kinachofaa, Kisichofaa na Wakati wa Kwenda Kliniki

Katika nyumba nyingi za mwambao, mafuta ya nywele hayakutoka dukani. Nazi ilikunwa, tui likakamuliwa na kuchemshwa taratibu hadi maji yakauke, yakabaki mafuta ambayo mama aliwapaka wanawe kabla ya kuwasuka. Siku hizi maelekezo huja kwa simu, na kila siku jipya: kitunguu, limau, magadi, yai, mafuta ya mbarika. Baadhi ya tiba hizo zina msingi wa kisayansi, na baadhi hazina faida wala madhara makubwa. Nyingine huunguza ngozi, au humchelewesha mgonjwa hadi nywele zisiweze kuota tena.

Unywele na kinyweleo

Unywele unaoonekana juu ya ngozi hauna uhai. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, uliofunikwa kwa magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa. Magamba yakilala vizuri, nywele hung'aa na kuteleza. Yakiinuka au kung'oka, nywele hukauka na kukatika. Sehemu iliyo hai ni kinyweleo, kilicho ndani ya ngozi, ambacho hurefusha unywele kwa takriban sentimita 1 kila mwezi.

Nywele za kipilipili zina mahitaji yake. Kwa kuwa zimejipinda, mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayafiki kwa urahisi kwenye ncha, na kila mpindo ni mahali ambapo unywele unaweza kukatika. Ndiyo maana watu wengi hudhani nywele zao hazikui, ilhali zinakua na kukatika kwa wakati mmoja. Hapo ndipo tiba ya nyumbani ina nafasi yake: hulinda uzi usikatike.

Vya jikoni vinavyosaidia

Mafuta ya nazi ndiyo yenye ushahidi wa wazi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, ukaonyesha kuwa ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele zinapooshwa. Sababu ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo na nyoofu kiasi cha kuweza kupenya ndani ya unywele.

Matumizi yake ni rahisi. Vijiko viwili vya chakula hutosha nywele za urefu wa wastani. Mafuta yapakwe kwenye nywele, hasa kwenye ncha, saa moja au zaidi kabla ya kuosha. Baada ya kuosha kwa shampuu isiyo kali, nywele zikaushwe kwa kubonyezwa na taulo bila kusuguliwa, kisha zichanwe zingali na unyevu kwa chanuo la meno mapana, kuanzia kwenye ncha kuelekea kichwani.

Parachichi lililopondwa hulainisha kwa sababu ya mafuta yake. Ute wa mshubiri huburudisha ngozi, lakini utomvu wa manjano ulio chini ya ganda lake huwasha na unapaswa kuachwa uchuruzike kwanza. Yai hufunika unywele kwa muda tu. Protini yake ni kubwa mno kuweza kupenya. Mafuta ya mbarika hulainisha vizuri, ingawa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba huotesha nywele. Kitu chochote kipya kijaribiwe kwanza kwa kiasi kidogo ndani ya kiwiko na kuangaliwa kwa siku mbili.

Vinavyodhuru

Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, ilhali magadi yana alkali. Yakitumika kuoshea nywele huinua magamba na kuzidisha ukavu. Maji ya limau huwasha, na ngozi iliyopakwa limau ikipigwa na jua inaweza kubabuka na kubaki na madoa meusi.

Hina safi ni salama kwa watu wazima wengi. Haifai kupakwa mtoto mchanga, kwa kuwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu. Piko ni jambo jingine kabisa. Rangi hiyo nyeusi huwa na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo inaweza kusababisha mzio mkali wenye uvimbe wa uso na malengelenge. Ikimezwa, ni sumu inayoweza kuua.

Mwenye mba pia awe mwangalifu. Fangasi wanaohusika na mba hutumia mafuta kama chakula, hivyo kuyapaka kwenye ngozi ya kichwa kila siku kunaweza kuuzidisha. Mba mkali unaoenea usoni na kifuani ni sababu ya mhudumu kumshauri mgonjwa apime VVU.

Jikoni hapatoshi

Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika huenda ana mapunye. Fangasi hao wamo ndani ya unywele na kinyweleo, hivyo vitunguu saumu, mafuta na hata krimu za dukani haviwamalizi. Dawa ya kumeza, kama vile griseofalvini au tabinafini, huhitajika kwa wiki kadhaa. Mapunye yakigeuka uvimbe wenye usaha, yanaweza kuacha kovu lisiloota nywele.

Kwa wanawake na wasichana, tatizo linalofichika zaidi ni nywele kupungua kwenye paji na pembeni kwa sababu ya misuko inayovuta. Mwanzoni huonekana vipele na maumivu. Misuko ikilegezwa au kuachwa mapema, nywele hurudi. Mvuto ukiendelea kwa miaka, vinyweleo hufa, wala hakuna mafuta yatakayovifufua. Hatari huongezeka nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zinaposukwa kwa kubana. Msuko unaouma umebana kupita kiasi, na ufumuliwe siku hiyo hiyo.

Nywele zinazonyonyoka kichwa kizima miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua au homa kali kwa kawaida huota tena zenyewe. Zisipoacha kunyonyoka, upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo uchunguzwe. Nywele zinazotoka kwa vibaka vidogo vidogo, kana kwamba zimeliwa na nondo, zaweza kuwa dalili ya kaswende, na kipimo cha damu kinahitajika.

Kwa mhudumu wa afya

Wagonjwa wengi hufika wakiwa wamejifunga kitambaa, na hawataji nywele mpaka waulizwe. Mhudumu aombe ruhusa, atafute faragha, kisha akague paji, pembeni na utosi. Aulize pia, bila kejeli, ni vitu gani vimekwisha kupakwa na kwa muda gani. Mama aliyempaka mwanawe mafuta ya nazi hakukosea. Aambiwe kwamba mafuta hayo yanalinda nywele zilizopo, na kwamba mapunye yanahitaji dawa ya kumeza, ambayo mtoto aianze siku hiyo.