Kimelea Hakina Hati ya Kusafiria

Bahari iliyo kati ya Tanga na Pemba haijapata kuwa ukuta. Wavuvi, wachuuzi, wachumaji wa karafuu na watu waendao harusini na misibani huivuka huku na huku mwaka mzima. Pamoja nao husafiri abiria asiyekata tiketi, nacho ni kimelea cha malaria, kilichojificha katika damu ya mtu asiyejihisi kuumwa. Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu wa visiwani, na pia na wakuu wenye dhamana ya afya, juu ya wataalamu wanaokitambua abiria huyo kwa kusoma vinasaba vyake. Kazi yao haionekani na wengi, lakini dawa tunazomeza zinachaguliwa kwa kuitegemea.

Mkoa wa Tanga si mgeni wa elimu hii. Kituo cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki nzima. Bunge lilipoiunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1979, kazi hiyo ikaingia mikononi mwetu wenyewe. Kwa miaka mingi chombo kikuu kilikuwa hadubini. Jicho lililofunzwa vizuri hukiona kimelea katika tone la damu lililotiwa rangi. Hata hivyo hadubini haiwezi kusema kimelea hicho kimetoka wapi, wala dawa gani kitaishinda. Habari hizo zimeandikwa katika vinasaba.

Namna ya kuvisoma si muujiza. Mgonjwa huchomwa kidole, tone la damu likadondoshwa juu ya karatasi maalumu na kukaushwa. Karatasi hiyo yaweza kusafirishwa toka zahanati ya mbali bila barafu. Katika maabara, vinasaba hutolewa na kutiwa katika mashine inayovipasha moto na kuvipoza, zamu baada ya zamu, na kila zamu idadi yake huongezeka maradufu. Zamu 30 zikienda barabara, kipande kimoja hufikia zaidi ya bilioni moja, na hapo hata uhaba wa vimelea hauwafichi tena. Njia hii ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, naye akatunukiwa Nobel ya kemia mwaka 1993.

Faida yake tumeiona hapa hapa. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini, ikachukua SP. Haukupita muda mrefu SP nayo ikaanza kushindwa. Mwaka 2006 watafiti waliowatibu watoto wilayani Korogwe walikuta dawa hiyo imeelemewa vibaya, na ndani ya vimelea wakaona badiliko jipya la kinasaba lililoongeza usugu. Mwishoni mwa mwaka huo Bara ilianza kutumia dawa mseto, ambayo Zanzibar ilikuwa imekwisha kuichukua tangu 2003. Lakini tusisahau kwamba SP bado hupewa mama wajawazito kama kinga. Kwa hiyo kuchunguza vinasaba hivyo ni kuwalinda akina mama wa Muheza na Korogwe hata sasa.

Hatari nayo haijalala. Uchunguzi wa nchi nzima unaoongozwa na mtafiti Deus Ishengoma, aliyepata kufanya kazi kwa miaka mingi Tanga, ulikuta katika sampuli za mwaka 2021 kwamba mkoani Kagera, hasa karibu na mpaka wa Rwanda, vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya atemisinini vimekwisha kuota mizizi. Dawa mseto bado iliponya wagonjwa huko, ila kwa baadhi yao vimelea vilichelewa kutoweka. Kagera ni mbali na Pangani, lakini barabara ni ndefu na watu wanasafiri.

Liko na jambo la vipimo vya haraka. Vipimo vingi vya zahanati hutafuta protini moja ya kimelea. Kikitokea kimelea kilichopoteza kinasaba cha protini hiyo, kipimo husema mtu ni mzima ilhali anaumwa. Vimelea vya namna hiyo vilitangazwa Peru mwaka 2010, na Eritrea ililazimika kubadili vipimo mwaka 2016. Nchini Tanzania vimeonekana kuwa adimu sana. Habari hii njema tumeijua kwa sababu mtu alikwenda kutazama.

Sasa tuje visiwani. Barazani husemwa kwamba malaria yote ya Unguja na Pemba huletwa na watu wa Bara. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020, ukilinganisha vimelea vya Zanzibar na vya Bagamoyo, ulionyesha kweli kwamba ni jamaa moja. Lakini utafiti mwingine, wa mwaka 2024, uliona pia kwamba vimelea vya Zanzibar vinavyokaa jirani vina undugu wa karibu mno, dalili kwamba mbu wa huko huko wanaendelea kuvieneza. Hivyo kumlaumu msafiri peke yake hakutaumaliza ugonjwa. Bandarini kunahitajika upimaji, na majumbani kunahitajika chandarua.

Kwa wakuu wetu tuna maombi mawili. Kwanza, kemikali na mafundi wa maabara hizi vitengewe fungu katika bajeti, visitegemee hisani ya wafadhili tu. Pili, majibu ya vinasaba yasiishie katika majarida ya wataalamu. Yafike kwa waganga wa wilaya wa pande zote mbili za bahari, na yafike mapema. Nasi wananchi tukiombwa tone la damu, tusikimbie. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na katika malaria, anayeficha huwaumbua na majirani zake.