Nyayo Zinapowaka Moto Safarini

Kutoka mjini Kisii hadi Nyamira kwa miguu ni mwendo wa zaidi ya kilomita 20, kupanda na kushuka vilima. Si ajabu nyayo kuwaka moto na kuvimba.

Ufikapo, tumbukiza miguu katika beseni la maji baridi kwa dakika 10 hadi 15. Baridi hubana mishipa ya damu, hupunguza uvimbe na kutuliza maumivu. Kisha ikaushe vizuri, hata katikati ya vidole. Malengelenge usiyatumbue, wala usitie kidonda katika maji ya mto.

Lakini mgonjwa wa kisukari ajihadhari: miguu iliyokufa ganzi haihisi baridi inapoidhuru. Yeye apumzike, aikague miguu yake, na akiona jeraha amwone daktari mapema.