Gia mpya, mtetemo mpya: kwa nini kubalansi shafti hakukusaidia

Binamu yangu anaishi Marekani na ana Ford Mustang ya 1966, gari alilolinunua kabla hata ya kununua kitanda. Mwaka jana alijibana, akanunua overdraivi, yaani giaboksi ndogo inayofungwa nyuma ya ile kubwa ili injini isihangaike kwenye barabara kuu. Ilipokwisha kufungwa, gari likifika kilomita 90 kwa saa linaanza kuvuma na kiti kinatetemeka. Karakana moja ikabalansi propela shafti. Ikabalansi tena. Mara ya tatu bili imepanda na mtetemo uko palepale, ndipo akanipigia video: "Kaka, wewe si unasoma mambo ya mitambo?"

Swali langu la kwanza lilikuwa rahisi: ukiwa kwenye mwendo uleule, ukiwasha na kuzima overdraivi, mtetemo unabadilika?

Hapa kuna uhondo kidogo. Kwenye 100 km/saa, tairi lenye mzingo wa takriban mita 2 huzunguka mara 14 kwa sekunde. Difu ya gari hili ina uwiano wa 3.5, kwa hiyo shafti inazunguka mara 49 hivi kwa sekunde. Overdraivi ikiwa imezimwa, gia ya juu ni moja kwa moja, basi injini nayo inazunguka kama shafti: karibu mizunguko 2,900 kwa dakika. Ukiiwasha, injini inashuka hadi 2,270 hivi, lakini shafti haijui lolote. Yenyewe inafuata magurudumu. Kwa hiyo mtetemo ukihama pamoja na injini, kosa liko mbele ya overdraivi. Ukibaki kwenye mwendo uleule wa gari, tafuta nyuma yake. Wa binamu ulibaki.

Sasa, shafti, krosi au matairi? Nilimwambia arekodi sauti kwa simu, kisha programu ya bure ichore masafa yake. (Kwa nini si kile kipima mtikisiko cha simu? Simu nyingi hukisoma mara 100 tu kwa sekunde, na ili kuona mtetemo fulani unahitaji kusoma zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Maikrofoni haina shida hiyo.) Tairi lisilo na balansi lingetoa mtetemo wa 14 kwa sekunde. Shafti isiyo na balansi, 49. Kilele kikubwa kilikuwa 97.

Yaani mara mbili kwa kila mzunguko wa shafti. Hiyo ni saini ya krosi.

Krosi ni kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachoruhusu shafti izunguke ikiwa imeinama. Kina tabia moja ya ajabu: upande mmja ukizunguka kwa mwendo wa sawasawa, upande wa pili hauzunguki sawasawa. Unawahi kidogo, unachelewa kidogo, mara mbili kwa kila mzunguko. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo hali inavyozidi, tena kwa mraba: pembe ikiongezeka mara mbili, kuyumba kunaongezeka mara nne. Mwendo nao ni hivyohivyo, ndiyo maana gari linalotulia kwenye 50 linaweza kukutesa kwenye 100.

Robert Hooke alilijua tatizo hili tangu karne ya 17, na dawa yake bado ndiyo tunayotumia: weka krosi mbili, ya pili ifute kosa la kwanza. Ila dawa ina masharti. Masikio ya shafti ya mbele na nyuma yawe kwenye mstari mmoja, na pembe za krosi mbili zilingane.

Overdraivi inavuruga yote mawili. Kwa kuwa imeongeza urefu wa giaboksi, shafti lazima ikatwe na kuchomelewa upya. Fundi akikosea akageuza kichwa kimoja robo mzunguko, makosa hayafutani tena, yanajumlishana. Halafu shafti fupi inateremka kimo kilekile kwa umbali mdogo, hivyo inainama zaidi. Na kama bodi inagusa kile kifaa kipya, mafundi hushusha mkia wa giaboksi. Watu wengi hapa wanahangaika na balansi wakati tatizo ni jiometri.

Masikio ya binamu yalikuwa sawa. Tukapima pembe, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si limening'inia. Injini: nyuzi 5 kushuka kuelekea nyuma. Shafti: 2. Pua ya difu: 1 tu. Basi krosi ya mbele ina pembe ya nyuzi 3, ya nyuma 1. Kuyumba kunakobaki ni takriban asilimia 0.12 ya mwendo. Ni kidogo mno kwa macho, lakini difu inagongwa hivyo mara 97 kila sekunde.

Akainua mkia wa giaboksi kwa nyuzi 1, na akaingiza kabari za nyuzi 2 kati ya ekseli na springi zake za mabapa, pua ya difu ikapanda hadi 3. Mbele sasa ni 2 na nyuma 1. Mbona hatukulinganisha kabisa? Kwa sababu ukikanyaga mafuta, springi za mabapa hujikunja na pua ya difu hupanda yenyewe. Unaiacha chini kidogo makusudi.

Hili halihusu Mustang peke yake. Yeyote aliyeinua Land Rover au Land Cruiser kwa springi ndefu, kisha akaanza kusikia mvumo, aanze na pembe kabla ya kulipia balansi. Na asipuuze: krosi inayoteswa huisha haraka, na shafti ikichomoka kwa mbele gari likiwa mbioni, inaweza kuchimba lami.

Binamu sasa anakwenda 110 kimya. Akiondoka kwa nguvu kwenye taa, gari bado linatikisika kidogo. Anasema hilo atalivumilia, na kwamba ameshanunua kitanda.