Amri ya gavana ilivyozima raha ya Jumapili katika bustani ya Wajerumani wa Iowa

Hebu piga picha. Ni Jumapili mchana, miaka ya 1910, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, kando ya mto Mississippi. Tramu imejaa hadi pomoni. Baba amevaa suti yake ya wikendi, mama amebeba kikapu cha chakula, watoto hawatulii. Tramu inasimama na wote wanamiminika nje. Matarumbeta yanasikika kutoka ng'ambo ya miti, milio ya bunduki inatoka upande wa pili, na kila mtu anaongea Kijerumani.

Hapo ndipo palipoitwa Schuetzen Park, bustani ya ekari 22 hivi ambayo Wajerumani wa Davenport waliinunua kwa pesa zao na kuifungua mwaka wa 1870. Kwa karibu miaka 50 ilikuwa ndiyo kiota cha raha. Halafu, katika muda mfupi sana, ikapoteza jina, ikapoteza bia, ikapoteza lugha, na mwishowe ikapoteza watu.

Cha kushangaza ni kwamba hakuna aliyekuja na tingatinga kuibomoa. Ilitosha kuwatia watu uoga wa kufungua mdomo.

Walitoka wapi?

Wengi wa Wajerumani hawa walitoka Schleswig-Holstein, eneo lililo kaskazini kabisa mwa Ujerumani ya leo. Mwaka wa 1848 wakazi wa huko waliasi utawala wa mfalme wa Denmark. Walipigana hadi 1851 na wakashindwa. Waliokuwa mstari wa mbele walijua kukaa nyumbani ni kujitafutia balaa, basi wakafunga virago.

Mmoja wao alikuwa Hans Reimer Claussen, wakili na mwanasiasa aliyetimuliwa kwao, akatua Davenport mwaka wa 1851. Huko alianza upya, akawa wakili tena na hata akaingia katika seneti ya Iowa. Mwanawe, Ernst Claussen, alikuja kuwa meya wa mji huohuo. Kwa hivyo usidhani hawa walikuwa wageni wa kujibanza pembeni. Walijenga viwanda vya bia, wakafungua benki na maduka, na wakachapisha gazeti lao la Kijerumani, Der Demokrat.

Na popote Wajerumani walipokwenda, klabu zilifuata. Kulikuwa na klabu za mazoezi ya viungo, zilizotokana na harakati aliyoianzisha Friedrich Ludwig Jahn jijini Berlin mwaka wa 1811. Kulikuwa na vikundi vya kwaya. Na kulikuwa na klabu za kulenga shabaha, ambazo Ulaya zilianza karne nyingi zilizopita, wakati watu wa mji walilazimika kuulinda wenyewe. Vita vilipopungua, mazoezi yale yaligeuka sherehe: watu wanashindana kulenga, anayeibuka kidedea anatawazwa mfalme wa mwaka, kisha ni muziki, chakula na dansi.

Klabu ya wapiga shabaha ya Davenport ilianzishwa mwaka wa 1862, nayo ndiyo iliyonunua ardhi ya bustani. Neno 'Schützen' lenyewe maana yake ni wapiga shabaha.

Raha ya familia nzima

Usidhani ilikuwa ni mahali pa wanaume kufyatua bunduki tu. Ndani ya bustani kulikuwa na ukumbi wa dansi, jukwaa la bendi, mahali pa kula na kunywa, ukumbi wa mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, uwanja wa michezo, wanyama wa kutazamwa na miti tele ya kukaa chini yake. Mwaka wa 1911 pakajengwa kituo cha tramu chenye paa, ili abiria wasinyeshewe wakingoja kurudi mjini.

Hapo ndipo palipokuwa na siri ya bustani za Wajerumani kote Marekani. Baa ya kawaida ya Marekani enzi hizo ilikuwa pango la wanaume: unaingia, unasimama kaunta, unakunywa haraka, unatoka ukiyumba. Mjerumani naye alikwenda kunywa na mke, watoto, shangazi na nyanya. Glasi moja ya bia ilikaa mezani muda mrefu huku bendi ikipiga. Kujivinjari kulikuwa shughuli ya ukoo mzima.

Bustani za aina hii zilikuwa nyingi. Ng'ambo ya mto Hudson kutoka New York, katika mji wa North Bergen, New Jersey, kulikuwa na Schuetzen Park nyingine, ambako Wajerumani wa kaskazini waliandaa sherehe yao ya kila mwaka tangu miaka ya 1870. Kwa mtu aliyetumikishwa kiwandani siku sita kwa wiki, Jumapili kwenye bustani haikuwa anasa. Ilikuwa siku ya pekee ya kujisikia binadamu.

Vita vya Jumapili

Lakini siku hiyohiyo ndiyo iliyozua uhasama. Waprotestanti wengi wenye asili ya Uingereza waliamini Jumapili ni ya kanisa na kimya. Bendi, dansi na bia siku ya Bwana? Kwao hiyo ilikuwa dharau.

Chicago ilishaonja moto huo mapema. Mwaka wa 1855, meya Levi Boone aliamuru baa zifungwe Jumapili na kupandisha ada ya leseni kutoka dola 50 hadi dola 300. Wajerumani waliona wazi kwamba wao ndio waliolengwa. Tarehe 21 Aprili waliandamana, polisi wakawakabili, risasi zikafyatuliwa na mtu akauawa. Uchaguzi uliofuata, wahamiaji walijitokeza kwa wingi na kundi la Boone likaondolewa.

Iowa nayo ilikuwa na mvutano wake. Mwaka wa 1882 wapiga kura wa jimbo hilo waliidhinisha marekebisho ya katiba ya kupiga marufuku pombe. Watengenezaji bia wa Davenport, Koehler na Lange, walijikuta kwenye kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka wa 1883 marekebisho hayo yakatupwa kwa sababu utaratibu haukufuatwa. Wabunge wakapitisha sheria mpya mwaka uliofuata, lakini Davenport ikaendelea na mambo yake kana kwamba haijasikia. Watu walitania kwamba kaunti yao, iitwayo Scott, ilikuwa jimbo linalojitegemea.

Kwa hivyo, kufikia mwanzo wa karne ya 20, jamaa hawa walikuwa na uzoefu wa kupigania starehe yao. Walijua kwenda kortini, kupiga kura na kukaidi. Kilichokuja baadaye hakikuwa na dawa hiyo.

1917: Jirani anageuka mshukiwa

Tarehe 6 Aprili 1917, Marekani ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Ghafla, kuwa Mjerumani kukawa noma.

Mengine yalikuwa ya kuchekesha. Kabeji iliyochachushwa, chakula cha Wajerumani, ilipewa jina jipya: kabeji ya uhuru. Mitaa ilibadilishwa majina. Mengine hayakuchekesha hata kidogo. Aprili 1918, katika mji wa Collinsville, Illinois, umati ulimkamata mchimba makaa mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Robert Prager, ukamnyonga mtini. Walioshtakiwa kwa mauaji hayo waliachiliwa huru.

Wiki chache baadaye, tarehe 23 Mei 1918, gavana wa Iowa, William L. Harding, alitoa tangazo ambalo historia inalikumbuka kwa jina la Babeli, kama ule mnara wa Biblia ambako lugha zilivurugika. Amri zilikuwa nne. Shule zote zifundishe kwa Kiingereza pekee. Mazungumzo mahali pa umma, ndani ya treni na kwenye simu yawe kwa Kiingereza. Hotuba zote za hadhara ziwe kwa Kiingereza. Ibada pia iwe kwa Kiingereza, na asiyekifahamu aabudu nyumbani kwake.

Amri haikutaja Kijerumani peke yake. Wadenmark, Wanorwe, Wacheki na Waholanzi wa Iowa nao walinaswa, ingawa hawakuwa Wajerumani.

Na simu je? Enzi hizo vijijini nyumba kadhaa zilitumia laini moja, na jirani aliweza kuinua simu yake na kusikiliza unachosema. Katika kaunti hiyohiyo ya Scott, kikundi cha wanawake wa mashambani walipatikana wakipiga gumzo kwa Kijerumani. Wakatozwa jumla ya dola 225, na pesa hizo zikapelekwa kwa shirika la Msalaba Mwekundu. Hawakuwa wapelelezi. Walikuwa akina mama wakijuliana hali.

Sasa rudi kwenye bustani yetu. Utaimba vipi kwenye kwaya ya Kijerumani ikiwa kuongea Kijerumani hadharani ni kosa? Utamsimulia vipi mjukuu hadithi chini ya mti, wakati nyanya mwenyewe Kiingereza kinampiga chenga? Unaweza kuwaachia watu miti, viti na jukwaa, lakini ukiwanyang'anya lugha, wamebaki wamekaa tu.

Jina lenyewe, Schuetzen Park, likaonekana hatari. Likabadilishwa na kuwa Forest Park, yaani bustani ya msitu. Jina salama, lisilomkera mtu yeyote. Der Demokrat, gazeti lililokuwa limeishi tangu 1851, nalo lilizimika mwaka wa 1918.

Bia nayo ikakauka

Kulikuwa na pigo jingine. Iowa ilikuwa imefunga baa zake tangu mwanzo wa 1916, na Januari 1920 marufuku ya pombe ikaenea nchi nzima. Bustani za Wajerumani ziliishi kwa mapato ya bia: glasi za Jumapili ndizo zilizolipa bendi, zikakarabati ukumbi na kumlipa mlinzi. Bila bia, hesabu hazikukubali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 bustani iliuzwa, na mahali pale pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili iliyotumia tiba ya kunyoosha uti wa mgongo. Davenport ndiko tiba hiyo ilikoanzia, kwa hivyo si ajabu wanunuzi walitoka huko. Kutoka ukumbi wa dansi hadi wodi za wagonjwa: safari ndefu kwa ardhi ileile.

Sheria ilirudi, watu hawakurudi

Harding aliondoa tangazo lake tarehe 4 Desemba 1918, vita vikiwa vimeisha. Lakini mwaka wa 1919 Iowa ilipitisha sheria ya kulazimisha Kiingereza shuleni, kama Nebraska ilivyofanya. Huko Nebraska, mwalimu Robert Meyer alitozwa faini ya dola 25 kwa kumfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma Kijerumani. Alikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 4 Juni 1923 akashinda. Siku hiyohiyo mahakama ilitupa pia hukumu iliyotokana na sheria ya Iowa.

Ushindi mkubwa, sivyo? Kisheria, ndiyo. Uamuzi huo bado unatajwa hadi leo kama nguzo ya haki ya wazazi na ya walimu. Lakini korti haina uwezo wa kurudisha Jumapili. Kufikia 1923, wazazi wengi walikuwa wameshaamua: watoto waongee Kiingereza, tusitafute shida. Mtoto aliyelelewa kimya hivyo hakuwa na la kumrithisha mwanawe.

Hapa ndipo kisa hiki kinapomgusa kijana yeyote wa mjini, awe wapi. Tunazoea kudhani lugha hufa kwa sababu vijana wanaona ni ya kishamba. Davenport inaonyesha kwamba kuna kifo kingine: lugha inaweza kufa ingali na nguvu, ina gazeti, kwaya, benki na ekari 22 za kuchezea. Kilichohitajika ni miezi sita ya amri, faini chache za mfano, na majirani walio tayari kusikiliza simu za wenzao. Amri iliondolewa, uoga ukabaki nyumbani.

Kilichobaki

Leo ukifika Davenport utakikuta kile kituo cha tramu cha 1911. Tramu zenyewe hazipo tena, lakini wakazi walikikarabati na jina la Schuetzen Park limerudi, pamoja na kipande cha msitu unachoweza kutembea ndani yake. Katikati ya mji, nyumba ya wageni ya miaka ya 1860, ambako wahamiaji walilala usiku wao wa kwanza baada ya kushuka kwenye meli za mtoni, sasa ni makumbusho ya Wajerumani wa Marekani.

Ule wa North Bergen ulipata bahati tofauti. Mahali pale bado panaitwa Schuetzen Park na bado panakodishwa kwa sherehe.

Na kote Marekani, kila Septemba na Oktoba, watu huvaa kaptura za ngozi, hunywa bia kwenye glasi kubwa na kucheza muziki wa matarumbeta. Wengi wao wana mababu waliotoka Ujerumani. Bia imerudi, soseji zimerudi, bendi zimerudi. Lakini ukikaa mezani ukasikiliza gumzo, utasikia Kiingereza.